Gramu 470

Mwaka 1972 jarida la kitabibu la The Lancet, la London, lilichapisha makala yenye jedwali la vinyesi. Usicheke bado. Kila mstari wa jedwali hilo una kundi la watu, uzito wa choo chao kwa siku, na saa ambazo chakula kinachukua tangu kumezwa mpaka kutoka. Wanamaji wa Uingereza na wake zao: gramu 104, saa 83. Wanakijiji wa Uganda: gramu 470, saa 36. Yaani mtu wa kijijini Uganda alikuwa akitua mzigo mara nne na ushei wa ule wa baharia wa Malkia, na alikuwa ameshautua kabla nusu ya muda wa mwenzake haijaisha.

Kupima ilikuwa hivi. Mtu anameza vitembe vidogo vya plastiki visivyoyeyuka, vya aina ambayo eksirei inaviona. Kisha kila akienda haja, anatia choo chake kwenye mfuko. Mfuko unapimwa uzito, unapigwa eksirei, vitembe vinahesabiwa, na kazi inaendelea mpaka vingi viwe vimetoka. Hakuna kukatwa wala kudungwa sindano. Kinachotakiwa ni uvumilivu, na mtu aliye tayari kubeba mfuko wake na kuukabidhi kwa mgeni. Majina ya waliokubali hayamo kwenye jedwali. Ya waliopima yamo: Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda miaka 20, Alec Walker, mtafiti wa lishe wa Johannesburg, na Neil Painter, daktari wa upasuaji wa London.

Leo ukienda kwa daktari na tumbo lililofunga, jambo la kwanza atakalokwambia ni kula mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, unywe na maji. Ushauri huo umezoeleka hadi unadhani ni wa tangu Adamu. Lakini kwa umbo lake la sasa una miaka hamsini na kitu, na sehemu kubwa ya uzito wake ni ule uzito wa mifuko ya Uganda.

Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, na sababu ya kuacha inaingia kwenye habari hii, nitaifikia. Kwanza maneno.

Kiswahili kinasema choo kwa nyumba na choo kwa kilichomo, kwa hivyo mtu anaweza kwenda chooni na asipate choo, na kila mtu akaelewa. Tunasema tumbo limefunga, au mtu hapati choo, au anapata choo cha mbuzi. Kamusi zinapendelea uyabisi wa tumbo. Neno hilo limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ni ukavu. Linatoka katika tiba ya zamani ya pwani, ile iliyokuja na vitabu vya waganga wa Kiislamu ambao nao walikuwa wamesoma kwa Wayunani: mwili una moto na baridi, una yabisi na rutuba, na ugonjwa ni mizani kuelemea upande mmoja. Baridi yabisi, ugonjwa wa viungo, bado tunautaja kila siku bila kukumbuka kwamba tunaongea tiba ya miaka elfu moja.

Nalipenda neno uyabisi kwa sababu lilikuwa sahihi kabla ya maabara. Chakula kikitoka kwenye utumbo mwembamba kinaingia utumbo mpana kikiwa ujiuji. Moja ya kazi za utumbo mpana ni kunyonya maji yale na kuyarudisha mwilini. Uji ukikaa sana, unanyonywa sana, na kinachobaki ni kokoto. Kwa hivyo shida ya kufunga choo haikai kwenye idadi ya siku tu. Kuna mtu anaenda mara tatu kwa siku na kuna mwingine mara tatu kwa wiki, na wote wawili wazima. Shida inaanza choo kikiwa kikavu, kigumu, cha kusukuma mpaka mishipa ya shingo inasimama, na ukitoka unahisi bado kuna kitu kimebaki.

Dawa nazo zina historia yake. Nenda Marikiti, Mombasa, kwenye wauza viungo, uliza sanamaki. Watakupimia majani makavu ambayo jina lake lenyewe linataja Maka. Waganga wa ulimwengu wa Kiarabu waliyaandika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na kiini cha majani hayo hayo ndicho kilichomo kwenye vidonge kadhaa vya kuharisha vinavyouzwa kemisti leo. Yanachokoza misuli ya utumbo isukume. Halafu kuna haluli, chumvi inayoyavuta maji yaingie ndani ya utumbo. Na mafuta ya mbarika, ambayo sina haja ya kuyaeleza kwa yeyote aliyelelewa na bibi. Zote hizi ni dawa za kufungua mlango uliokwama. Hakuna aliyezichukulia kuwa chakula cha kila siku.

Huku kwetu kufunga choo kulikuwa kero. Ulaya ya mwanzo wa karne ya 20 ilikufanya kuwa hofu. Madaktari wengi waliamini kwamba choo kikikaa tumboni kinatoa sumu inayopanda kwenye damu na kumletea mtu kila kitu, kuanzia kuumwa kichwa mpaka wazimu. Sir William Arbuthnot Lane, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Guy's, London, alienda mbali kuliko wote: akaanza kuwakata wagonjwa wa kufunga choo na kuwaondoa utumbo mpana. Si kipande chenye ugonjwa. Utumbo wenyewe. Alikuwa fundi hodari, na hapo ndipo penye kuogofya, maana fundi dhaifu asingethubutu. Baadaye aliweka kisu chini, na mwaka 1925 akaanzisha chama cha kuhubiri mkate wa ngano nzima, mboga na matunda. Ukiniuliza, hiyo ni safari ndefu mno kufika kwenye sahani ya mchicha.

Mzungu mwingine alifika kwenye pumba kwa njia fupi zaidi. Thomas Cleave alikuwa daktari wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Mwaka 1941 alikuwa kwenye manowari King George V, na mabaharia wake, wanaokula vyakula vya makopo na mkate mweupe miezi na miezi, walikuwa wamefunga matumbo. Cleave akaagiza magunia ya pumba za ngano, akawapa, matumbo yakafunguka. Pumba wakati huo zilikuwa chakula cha mifugo. Baadaye aliandika kwamba magonjwa mengi ya nchi tajiri yana mzizi mmoja, nao ni sukari na unga mweupe. Wenzake walimwona mtu wa jambo moja tu. Akina huyu mnawajua, hata kwenye mikutano ya mtaa wapo, na mara moja moja wanakuwa wamesema kweli.

Burkitt alikutana na mawazo ya Cleave akiwa mtu mzima mwenye jina. Alizaliwa Ireland mwaka 1911 na akapoteza jicho moja utotoni. Alifika Uganda 1946, akapangiwa Lira, kisha 1948 akahamia Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto, saratani ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Kilichomtofautisha na wenzake ni kwamba aliuliza swali la msafiri: ugonjwa huu upo wapi, na haupo wapi? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka mashariki na kusini mwa Afrika kama kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali, wakiuliza na kuchora ramani.

Aliondoka Uganda 1966. Huko London, Richard Doll, mmoja wa waliothibitisha kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu, akamkutanisha na Cleave. Burkitt aliposikia orodha ya Cleave, alikumbuka wodi za Mulago. Kidole tumbo, ambacho kila daktari kijana wa Uingereza anakikata usiku hadi anachoka, kule alikiona mara chache sana. Vile vifuko vinavyotokeza kwenye ukuta wa utumbo mpana wa wazee wa Kizungu, karibu havikuwepo. Bawasiri, mawe ya nyongo, saratani ya utumbo mpana: vichache, vichache, vichache. Na Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya na Uganda tangu 1929, alikuwa ameshatoa kitabu kizima mwaka 1960 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza na jinsi yalivyokuwa adimu kwa Waafrika. Kuanzia hapo wakaunganisha: wenye choo kingi, laini, kinachopita haraka, hawana magonjwa haya. Wenye choo kidogo kikavu wanayo. Kinachotofautiana ni nyuzinyuzi, ile sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuisaga. Inashika maji, inalisha bakteria wa utumbo mpana, inaongeza mzigo na kuusukuma.

Burkitt akawa mhubiri wa jambo hili. Alisafiri akitoa mihadhara yenye picha za vinyesi, na watu walioalikwa kumsikiliza wakiwa wametoka kula. Aliwasifia hata wanaochuchumaa chooni dhidi ya wanaokaa kwenye kiti. Naambiwa ukumbi ulikuwa ukicheka. Mimi nikisoma habari hizi sijui nicheke au nijivune. Kwa karibu karne nzima kila kitu chetu kilipimwa ili kuonyesha tumepungukiwa, na hatimaye kikapatikana kitu kimoja tulichowazidi, nacho ni hiki!

Lakini hapo pana kona ya kuangalia vizuri. Burkitt mwenyewe alisema wazi kwamba tofauti ni ya chakula, si ya damu. Ushahidi wake aliouegemea zaidi ulikuwa kwamba Mwamerika mweusi anaugua sawa na Mwamerika mweupe. Ila hesabu za hospitali zina udhaifu wake. Mulago ya miaka ya 1950 iliwaona waliofika Mulago. Mzee wa kijijini mwenye damu chooni, ambaye aibu yake na umbali vilimbakiza nyumbani, hakuingia kwenye daftari lolote. Wala matumbo ya Waganda hayakuwa matumbo ya peponi. Utumbo kujisokota mpaka ukaziba, dharura inayoua kwa siku chache, lilikuwa jambo la kawaida hospitali za Afrika Mashariki kuliko za Uingereza. Na huyo huyo Trowell ndiye aliyeshika kalamu ya kitabu kikuu cha kwashiokori, cha mwaka 1954: watoto waliovimba miguu na kubadilika nywele kwa kulishwa ndizi na mizizi bila cha kujenga mwili. Choo chao, nadhani, kingepimwa kingekuwa na gramu za kutosha.

Ndani ya jedwali la 1972 kuna mstari mwingine ambao wasimulizi wengi wanauruka. Ni wanafunzi wa shule ya bweni nchini Uganda. Gramu 185, saa 47. Nchi moja na wale wanakijiji, mababu wale wale, lakini choo kimeshashuka chini ya nusu. Kilichobadilika ni jiko.

Mimi huo mstari naujua kwa mwili. Nilisoma shule ya bweni miaka minne, bara, mbali na kwetu Kilifi. Asubuhi mkate na chai, mchana githeri, jioni ugali mweupe kama chokaa na kabichi ya kuhesabu. Githeri ndiyo iliyokuwa ikituokoa, ingawa hatukuishukuru. Vyoo vilikuwa sita kwa bweni zima, viwili havina mlango, na kengele ya somo la alfajiri ilikuwa haimngoji mtu. Tukajifunza kuzuia. Unazuia saa kumi na moja asubuhi, unazuia mapumziko kwa sababu foleni ni ndefu, usiku unaogopa kutoka. Utumbo nao una akili zake: unakuita, usipoitika unanyamaza, na ukiupuuza miezi na miezi mwito wenyewe unafifia. Nikirudi likizo, bibi alikuwa ananitazama usoni tu na kusema, "Wewe tumbo limefunga," na kwenda kuchemsha sanamaki.

Huo unga mweupe nao una tarehe. Uingereza ulienea kuanzia miaka ya 1870 na 1880, vinu vya roli za chuma vilipochukua nafasi ya mawe ya kusagia na kuweza kutenga pumba na kiini kabisa. Kenya, mwaka 1908, Lord Delamere alianzisha kampuni ya Unga kusaga ngano ya walowezi. Mahindi yalikuwa yameshafika pwani zamani na Wareno, lakini kilichoyafanya yawe bwana wa sahani ni ukoloni: posho ya wapagazi, ya vibarua wa mashamba na reli, ilikuwa unga wa mahindi, kwa kuwa unapimika, unabebeka na ni rahisi. Mtama na wimbi vikasukumwa pembeni. Baadaye viwanda vikaleta unga wa pakiti uliochekechwa, na weupe ukawa alama ya maendeleo. Mgeni akija hapikiwi sima ya unga wa mashine ya posho, anapikiwa ya pakiti. Pumba tunawauzia wafugaji. Hilo ndilo gunia la Cleave, na sisi ndio tunaompa ng'ombe.

Tusidanganyane lakini kuhusu zamani. Bibi alikuwa akitwanga mahindi kwa kinu, anapepeta, na pumba anawamwagia kuku. Sima ya kitambo nayo ilikuwa ya kukobolewa, hasa ya sherehe. Tofauti ilikuwa kwamba mkono hauwezi kutenga kama chuma, na pembeni ya sima palikuwa na mchicha, mtsunga, kunde, mbaazi, mihogo, embe la kuokota. Sasa pembeni ya sima kuna soda.

Nimesema nitafika kwenye sababu ya kuacha chuo. Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa fundi wa mafriji Mombasa na ndiye aliyekuwa akinilipia karo. Mwaka wangu wa kwanza ulipokwisha alikuwa na miaka 43. Tumbo lake lilianza kubadilika. Wiki moja hapati choo kabisa, wiki nyingine anaharisha, halafu linafunga tena. Choo kikawa chembamba kama kidole. Kisha damu. Haya yote tuliyajua baadaye, kwa sababu yeye hakumwambia mtu. Mwanamume wa miaka 43 anaanzia wapi kumwambia dada yake habari za choo chake?

Kliniki aliyokwenda kwanza walimpima wakasema taifodi. Akameza dawa. Haikusaidia, wakasema amiba, akameza vile vidonge vinavyoacha ladha ya chuma mdomoni. Kliniki ya pili wakasema bawasiri, wakampa ya kupaka. Kulikuwa na daktari mmoja, mtu mwenye nywele nyeupe na heshima zake, ambaye mjomba alithubutu kumuuliza kama inaweza kuwa kansa. Akamjibu kwa upole kabisa kwamba kansa ya utumbo ni ugonjwa wa Wazungu, yeye bado kijana, ale mapapai. Ilichukua miezi minane mpaka mtu mmoja akaagiza apigwe kamera. Wakati huo ilikuwa imefika kwenye ini. Alifariki mwaka 2021. Muhula uliofuata sikurudi chuo. Hakukuwa na mkutano wa familia wala ugomvi. Karo haikuwepo tu.

Nilianza kusoma kuhusu Burkitt kwa sababu ya sentensi ya yule mzee. Sikuwa na hasira naye sana. Nilitaka kujua aliitoa wapi. Na jibu ni kwamba aliitoa shuleni, na shule iliitoa kwenye vitabu, na vitabu viliitoa kwenye wodi za Mulago na hospitali za misheni za miaka ya 1950 na 1960, ambako kwa wakati ule ilikuwa na ukweli wake. Lakini njiani ilipoteza nusu yake. Burkitt na wenzake walisema: watu hawa, wakila hivi, hawaugui hivi. Iliyofika kwetu ilisema: watu hawa hawaugui hivi. Kile "wakila hivi" kilidondoka, na sisi huku tukaendelea kubadilisha jiko. Daftari la saratani la Kampala, lililoanzishwa miaka ya 1950 na ambalo ni la zamani kuliko mengi barani, limeonyesha saratani ya utumbo mpana ikiongezeka mjini humo miaka ilivyokwenda. Nairobi hali ni hiyo hiyo. Na kwa kuwa sisi ni nchi ya vijana, wagonjwa wengi wanaofika hospitalini ni watu ambao kitabu cha Uingereza kingesema bado mapema.

Sayansi yenyewe haikubaki pale Burkitt alipoiacha. Mwaka 2000 yalitoka matokeo ya majaribio mawili makubwa ya Marekani: watu waliowahi kukutwa na vivimbe vidogo kwenye utumbo wakapewa nyuzinyuzi zaidi kwa miaka mitatu, minne, na vivimbe vikarudi vile vile. Magazeti yakaandika kwamba pumba ni porojo. Mwaka 2003 ukatoka utafiti wa nchi kumi za Ulaya, watu zaidi ya 500,000, ukaonyesha wanaokula nyuzinyuzi nyingi wanaugua saratani hiyo kidogo zaidi. Wataalamu bado wanavutana kuhusu kipimo na aina. Kuhusu kufunga choo kwenyewe, hakuna mvutano mkubwa: kwa wengi nyuzinyuzi na maji vinasaidia, ingawa si kwa wote. Mtu anayemeza kodini au vidonge vya madini ya chuma, mjamzito, mwenye kisukari, mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, anaweza kula kilo ya mchicha na bado akakwama. Na aliyezibwa na uvimbe, kama mjomba, kumwambia ale mapapai ni kumchelewesha.

Jaribio ninalolipenda ni la 2015. Watu 20 Wamarekani weusi wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini KwaZulu, Afrika Kusini, walibadilishana vyakula wiki mbili. Wamarekani wakapewa chakula cha kijijini chenye gramu 55 za nyuzinyuzi kwa siku; wa KwaZulu wakapewa nyama, mafuta na vyakula vya Kimarekani. Baada ya siku 14 utando wa ndani ya utumbo ulikuwa umeanza kubadilika: wa Wamarekani ukielekea kwenye hali ya hatari ndogo, wa Waafrika ukielekea kule Wamarekani walikotoka. Siku 14. Yale maneno yaliyodondoka njiani yalirudishwa na vyungu viwili.

Mwaka jana mama mdogo, dada yake mjomba, alinipigia simu tukaongea habari za mvua, za bei ya unga, za kuku wake. Nilisikia anazunguka. Nikamuuliza moja kwa moja, "Mama mdogo, unapata choo?" Akacheka sana, akaniambia nimeharibika, chuo kilinishinda sasa nataka kuwa daktari wa vyoo. Kisha akanyamaza. Ipo chati ya Bristol, ya mwaka 1997, yenye michoro saba ya choo, kutoka kile cha mbuzi mpaka maji matupu. Mmoja wa walioichora, Ken Heaton, alikuwa mtu wa kundi hilo hilo la kina Burkitt. Nikamtumia kwa simu, nikamwambia achague namba tu, asiandike neno. Akajibu: 1. Baada ya dakika kumi hivi akaongeza: na damu, wiki ya tatu.

Familia yenye mtu aliyeugua akiwa kijana haingojeshwi. Tulichanga, binamu zangu wakauza mbuzi wawili, tukapata siku ya kamera. Jioni ya kuamkia siku hiyo mgonjwa anapewa mtungi wa chumvi ya kuchanganya na maji, anywe wote, ili utumbo uwe mtupu. Mama mdogo alionja, akakunja uso, akanitazama.

"Hii si haluli tu?"

Nikamwambia ni kama haluli. Akauliza mbona basi wanaiuza ghali hivyo, akainywa yote. Asubuhi walikuta uvimbe mmoja mdogo, wakaukata humo humo kwa kamera wakaupeleka maabara. Haukuwa kansa. Ametakiwa kurudi baada ya miaka mitatu, na karatasi ya tarehe ameibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, juu ya pipa la unga.